Fundi Anajibu: Kubadili Fomati za Picha

Katika toleo lililopita tuliomba maswali kuhusu picha za simu na za kompyuta. Barua nyingi zilizotufikia, hata zile zilizoanza kwa kulalamikia simu au printa, ziliishia kuuliza jambo moja: namna ya kutoa picha katika fomati moja na kuiweka katika nyingine bila kuiharibu. Tumechagua saba. Majina ya waandishi tumeyaacha, tumebakiza mahali wanakotoka.

Ndugu Fundi, nilitakiwa kupakia picha ya pasipoti kwenye maombi ya kazi ya mtandaoni. Maelekezo yanataka JPG isiyozidi kilobaiti 200. Picha nilipigwa kwa iPhone ya dada yangu, na jina la faili linaishia na HEIC. Kijana wa steshenari alifuta HEIC akaandika JPG, picha ikafunguka vizuri kwenye kompyuta yake, lakini fomu ikaikataa mara tatu. Kosa liko wapi? (Morogoro)

Kijana alibadili jina, faili lenyewe likabaki vile vile. Herufi zinazofuata nukta, ambazo huitwa kiendelezi, ni tangazo tu la kilichomo ndani, na kompyuta haizuii mtu kutangaza uongo. Fomati halisi hujulikana kwa baiti za mwanzo za faili, yaani vipande vidogo vya data vinavyoliunda: la PNG lina herufi P, N na G mara baada ya baiti ya kwanza, la GIF huanza kwa herufi tatu za jina lake, na la HEIC hubeba neno «ftyp» kuanzia baiti ya tano. Programu nyingi za kutazama picha hukagua baiti hizo bila kujali kiendelezi, ndiyo maana picha ilifunguka na nyote wawili mkaamini kuwa kazi imekwisha. Mfumo wa maombi nao ulikagua, ukaona HEIC iliyovaa jina la JPG, ukaikataa. Haukukosea.

Kubadili fomati maana yake ni kuifungua picha mpaka zipatikane rangi za kila pikseli, yaani kila nukta ndogo inayoiunda picha, kisha kuzifunga upya kwa kanuni za fomati mpya. Kazi hiyo hufanywa na programu, na dada yako tayari anayo katika simu yake. Ikiwa simu ina iOS 16 au toleo la baadaye, aihifadhi picha kwenye programu ya Files, aibonyeze kwa muda, achague «Quick Actions» kisha «Convert Image», na hapo achague JPEG, ambayo ndiyo hiyo hiyo JPG. Kwa picha zijazo, aingie «Settings», «Camera», «Formats» na kuchagua «Most Compatible», nayo simu itapiga JPEG moja kwa moja. Picha zilizokwisha kupigwa hazitaguswa na badiliko hilo. Apple ilianza kutumia HEIC mwaka 2017 katika iOS 11 kwa sababu huhifadhi picha ya ubora unaokaribiana na wa JPEG kwa takribani nusu ya nafasi. Ni fomati nzuri, ila mifumo mingi ya kupokea nyaraka haikuandaliwa kuisoma.

Limebaki suala la kilobaiti 200, ambalo wengi hulichanganya na la fomati. Picha ya simu yenye pikseli 4000 kwa 3000 itakuwa na megabaiti kadhaa hata ikiwa JPEG, kwa hiyo usikimbilie kushusha ubora. Punguza kwanza vipimo. Picha ya milimita 35 kwa 45 ikichapishwa kwa nukta 300 kwa inchi inahitaji pikseli 413 kwa 531 tu. Ipunguze ifike hapo, kisha ihifadhi kama JPEG ya ubora wa asilimia 85 hivi, nayo itaingia chini ya kikomo huku uso wako ukibaki safi. Anayeacha pikseli milioni 12 na kuubana ubora mpaka faili litoshe hupata sura yenye mabakamabaka, na baadaye hulaumu kamera.

Fundi, mimi ni mwalimu mstaafu. Nina sanduku la picha za familia zipatazo 240, nyingine zimepigwa studio kabla ya Uhuru. Nimenunua skana na nimekwisha skani 60 kama JPEG. Mjukuu wangu anasema kila nikiifungua JPEG kuitazama inachakaa kidogo, kwa hiyo nizigeuze zote kuwa TIFF. Je, ni kweli? (Tanga)

Shikamoo, Mwalimu. Mjukuu wako amesikia jambo la kweli akaliongezea chumvi. Kuitazama JPEG hakuipunguzii kitu, na kuinakili kutoka kompyuta kwenda kwenye flashi hakuipunguzii kitu, kwa sababu namba zilizomo ndani ya faili hazikuguswa. Kinachoipunguza ni kuifungua katika programu ya kuhariri, kuirekebisha, kisha kuihifadhi tena kama JPEG, maana hapo programu huifumua picha nzima na kuibana upya.

Wewe ni mwalimu, basi niruhusu nieleze hasara hiyo inatoka wapi. JPEG huigawa picha katika miraba midogo ya pikseli 8 kwa 8. Badala ya kuandika rangi ya kila pikseli kati ya zile 64, huueleza mraba kama mchanganyiko wa michoro 64 ya kawaida, kuanzia ule usio na mabadiliko yoyote hadi ule wenye mabaka ya kupishana kwa kasi, na hutaja kiasi cha kila mchoro kilichomo. Kisha viasi hivyo hugawanywa na kukadirishwa, na vile vya michoro ya vitu vidogovidogo hukadirishwa kwa ukali zaidi, hata vingi vinakuwa sifuri. Sifuri nyingi huandikwa kwa nafasi ndogo sana, na huo ndio ufundi wote. Lakini namba iliyokadirishwa hairudi ilivyokuwa. Ukiihifadhi picha mara ya pili kwa ubora ule ule bila kubadili lolote, hasara mpya ni ndogo mno; ukikata ukingo, miraba ikasogea, au ukiongeza mwanga, makadirio mapya hufanywa juu ya makadirio ya zamani, na baada ya mara kadhaa utaanza kuiona mistari ya miraba hiyo kwenye mashavu ya watu.

TIFF, iliyotolewa na kampuni ya Aldus mwaka 1986, haina lazima ya kukadirisha. Inaweza kuhifadhi kila pikseli kama ilivyotoka kwenye skana, ama bila mbano wowote ama kwa mbano wa LZW ambao haupotezi kitu. Chagua mojawapo ya hayo mawili, kwa sababu programu nyingine huruhusu mbano wa JPEG ndani ya TIFF, na ukiuchagua huo utakuwa umerudi ulikotoka. Ukiskani picha ya inchi 4 kwa 6 kwa nukta 600 kwa inchi utapata pikseli 2400 kwa 3600, yaani megabaiti 26 hivi kwa picha ya rangi bila mbano. Picha zako 240 zitachukua takribani gigabaiti 6, na flashi ya gigabaiti 16 itazimeza zote. Miaka ishirini iliyopita ningekushauri vingine kwa sababu ya bei ya nafasi. Leo sioni sababu ya kubania.

Kuhusu zile 60, sikubaliani na mjukuu wako. JPEG ikigeuzwa kuwa TIFF haipati tena kilichotupwa. Utapata faili kubwa mara nyingi zaidi lenye picha ile ile na makadirio yale yale. Ikiwa karatasi zake bado unazo sandukuni, chagua zile zisizo na mfano kwingine, hasa hizo za kabla ya Uhuru, uziskani upya kama TIFF. Nyingine ziache JPEG kama zilivyo, na siku utakapotaka kuirekebisha mojawapo, tengeneza nakala kwanza, uhariri nakala, na matokeo uyahifadhi kama TIFF au PNG. Picha nyeusi na nyeupe nazo ningeziskani kwa rangi. Faili litakuwa kubwa mara tatu kuliko la kijivu peke yake, lakini utabaki na wino wa maandishi ya pembeni, muhuri wa studio, na madoa, ambayo wakati mwingine ndiyo yanayosaidia kutambua picha ilitoka wapi. Za kuwatumia wajukuu kwa simu, zitengenezee nakala za JPEG kutoka kwenye TIFF. Njia hiyo haina hasara kwa sababu TIFF inabaki mahali pake.

Nauza kanga. Wateja wangu wengine wako Maskati na huchagua kwa picha ninazowatumia kwa WhatsApp. Wanalalamika kwamba maandishi ya jina hayasomeki na wekundu umemwagikia nje ya mistari. Nilizigeuza picha kuwa PNG nikatuma tena, hali ni ile ile. (Mombasa)

Hali ni ile ile, dada, kwa sababu WhatsApp haikutuma PNG yako. Ukituma kitu kama picha, yenyewe huipunguza vipimo na kuibana upya kama JPEG, hata uwe umekipa fomati gani. Kitume kama hati, yaani bonyeza alama ya kuambatisha, chagua «Document» badala ya matunzio ya picha, na faili litafika bila kuguswa. Kwa kufanya hivyo itakutosha JPEG ile iliyotoka kwenye kamera. PNG ya picha iliyopigwa kwa kamera huwa nzito bure, kwa sababu haiwezi kutupa chochote, hata chengachenga ambazo hakuna anayezitaka.

Kanga, hata hivyo, ni mtihani mgumu kwa JPEG. Macho ya binadamu huona tofauti ya mwanga kwa ukali kuliko tofauti ya rangi, na JPEG inaujua udhaifu huo: hutenganisha mwanga na rangi, mwanga ikauhifadhi kwa pikseli zote, na rangi mara nyingi kwa pikseli moja kati ya kila nne. Kwenye uso wa mtu au majani ya mnazi hakuna atakayegundua. Kwenye pindo jekundu linalokutana na jeusi, au jina lililoandikwa kwa nyekundu iliyoiva, ule wekundu husambaa mpaka kwa jirani, na pembeni mwa herufi huzuka vumbi la rangi. Ikiwa una programu inayokuruhusu kuchagua namna rangi zinavyohifadhiwa, kama GIMP, chagua 4:4:4 wakati wa kuhifadhi JPEG, nayo rangi zitahifadhiwa kwa pikseli zote. Piga pia picha ya pili ya karibu, ya jina peke yake, likiwa limejaza fremu. Mnunuzi wa kanga husoma jina kabla ya kupima bei, na hakuna fomati itakayomsomesha herufi zenye urefu wa pikseli sita.

Ikiwa mchapishaji wa kanga anakupa mchoro wenyewe uliochorwa kwa kompyuta, wenye rangi mbili au tatu zisizo na vivuli, huo sasa ndio wa kuhifadhi kama PNG. Hapo PNG huwa kali na, mara nyingi, nyepesi kuliko JPEG.

Tuna nembo ya kikundi chetu cha akina mama, iko katika JPEG. Mchapishaji wa fulana anataka PNG isiyo na mandharinyuma. Tumeigeuza kuwa PNG lakini bado ina kisanduku cheupe. (Dodoma)

JPEG haijui pikseli isiyo na kitu. Kila pikseli yake lazima iwe na rangi, na pale ambapo mchoraji aliacha wazi, programu ilijaza nyeupe. PNG inaweza kubeba kiwango cha uwazi cha kila pikseli, lakini ilipopokea nyeupe kutoka kwenye JPEG yenu iliichukulia kuwa rangi mliyoitaka. Mtu anaweza kuifuta nyeupe hiyo kwa mkono, ingawa kingo zitabaki na ukungu mweupe utakaoonekana wazi kwenye fulana nyeusi.

Mtafuteni aliyeichora. Akiwa aliichora kwa CorelDRAW, Illustrator au Inkscape, analo faili la vekta, ambalo nembo imeandikwa kama mistari na mikunjo, wala si pikseli. Kutoka hapo mtapata PNG ya ukubwa wowote yenye uwazi safi, na hata bango la mita tatu. Mwombeni awape na SVG, ambayo ni fomati ya vekta, au PDF mzitunze wenyewe. Msipompata, mpeni mchoraji mwingine aifuatishe upya, ambayo kwa nembo ya kawaida ni kazi ya saa chache. Programu zinazojidai kugeuza JPEG kuwa SVG kwa kubonyeza mara moja hukisia tu mistari ilipo, na kwenye herufi ndogo hukisia vibaya.

Mimi ni mwanafunzi wa kidato cha tatu. Kwa nini kusiwe na fomati moja tu kwa picha zote? (Bukoba)

Kwa sababu kila moja ilitatua shida ya wakati wake, na iliyozaliwa haikuondoka. GIF ilitolewa na CompuServe mwaka 1987, wakati picha zilisafiri kwa laini za simu za polepole na skrini nyingi zilionyesha rangi chache. Rangi 256 kwa picha zilitosha. JPEG, ambayo kanuni zake zilikamilishwa mwaka 1992, ililenga picha za kamera zenye rangi zaidi ya milioni 16. Mwishoni mwa mwaka 1994 kampuni ya Unisys, iliyokuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya uvumbuzi, ya mbano wa LZW unaotumika ndani ya GIF, ilianza kudai malipo kwa waandishi wa programu. Waandishi hao walikasirika wakaungana kubuni fomati isiyodaiwa na mtu, nayo PNG ikatangazwa rasmi Oktoba 1996. Ukitaka mfano wa hasira iliyozaa kitu cha manufaa, ninao huo.

Mvutano huo haujaisha. HEIC hutumia mbano wa HEVC wenye hataza nyingi, na hiyo ni sababu mojawapo ya vivinjari vingi kutoionyesha. Google ilitoa WebP mwaka 2010, na mwaka 2019 ikaja AVIF, iliyoandaliwa na muungano wa makampuni kwa nia ya kutotoza ada. Zote mbili hubana vizuri kuliko JPEG. JPEG bado inatawala, na siku zote nimeamini ni kwa sababu hakuna kifaa kinachoshindwa kuisoma.

Ofisini kwetu kuna picha zaidi ya 300 za WebP zilizopakuliwa kwa ajili ya jarida. Programu yetu ya kupanga kurasa ni ya zamani na haizifungui. Lazima tuzigeuze moja moja? (Unguja)

Hapana. Pakueni ImageMagick, programu ya bure ya kubadili picha, mfungue dirisha la amri ndani ya folda yenye picha, na muandike: magick mogrify -format png *.webp. Itatengeneza PNG kando ya kila WebP na kuiacha WebP ilivyo. Nimechagua PNG kwa sababu WebP nyingi tayari zimepoteza kiasi fulani katika kubanwa, na kuzipitisha kwenye JPEG ni kuongeza hasara ya pili kabla ya uchapaji.

Angalieni sana neno mogrify. Likipewa -format huunda mafaili mapya. Lisipopewa, huandika juu ya yale yale. Mwaka mmoja niliwapunguzia rafiki zangu picha za harusi zitoshee kwenye simu, nikasahau kufanya kazi hiyo kwenye nakala, na katika muda wa kunywa kikombe cha chai nikawa nimezifanya picha zote za asili kuwa na upana wa pikseli 800. Albamu yao waliichapisha ndogo.

Je, ni salama kutumia tovuti za kubadili picha bure? Nataka kubadili picha ya kitambulisho changu. (Nairobi)

Kwa picha ya mbuzi wako, ndiyo. Kwa kitambulisho, hapana, kwa sababu faili huenda kwenye kompyuta ya mtu usiyemjua na ahadi yake ya kulifuta huwezi kuihakiki. Fanya kazi hiyo kwenye kifaa chako: kwenye Windows, Paint hufungua PNG na kuhifadhi JPEG, kwenye Mac, Preview hufanya hivyo pamoja na HEIC. Kumbuka pia kwamba picha ya simu inaweza kubeba ndani yake saa na mahali ilipopigwa, na kubadili fomati hakufuti taarifa hizo kila mara. Kwenye Windows, bonyeza faili kwa kitufe cha kulia cha kipanya, ingia «Properties», kisha «Details», na chini kabisa utaona mahali pa kuziondoa. Zikiondoka, tuma.